BATA, MZINGA NA KISTARI

Katika alama zote ambazo karani hutia katika maandishi yake, hapana iletayo ubishi mwingi kuliko kistari. Nukta kila mtu ajua mahali pake. Mkato nao hujulikana kwa kadiri. Lakini kistari, yaani kile kijiti kifupi kinacholala katikati ya maneno mawili ili kuyafunga pamoja, au mwisho wa mstari ili kuonyesha ya kuwa neno halijakwisha, ni kama mgeni ambaye hapana ajuaye kama amekuja kulala au anapita tu. Mmoja huandika "mwana-nchi", wa pili "mwana nchi", wa tatu "mwananchi", na wote watatu huweza kuketi katika ofisi moja, kila mmoja akiwadhania wenzake kuwa hawakusoma.

Wengi husema ya kuwa mambo haya ni mchezo wa walimu, na ya kuwa mkulima hayamhusu. Sivyo. Kisa kifuatacho kimetungwa kuwa mfano, na kwa hiyo hakina jina la mtu; lakini yeyote aliyepata kuandikiwa orodha ya mali mahali kama Makindu hatakiona kuwa kigeni.

Mzee mmoja alifariki katika kijiji kilicho kusini ya Makindu, upande ule ambao milima ya Chyulu huonekana vizuri asubuhi kabla vumbi halijapanda. Aliacha mjane na wana watatu. Mkubwa alifanya kazi bandarini Mombasa, wa pili alikuwa na duka Nairobi, na yule kitinda mimba (neno ambalo nalo huandikwa namna tatu) alibaki nyumbani pamoja na mama yake. Baada ya matanga, ukoo ulikutana, ikaonekana yafaa mali yote iandikwe, ipigwe mhuri katika ofisi ya chifu, na kila mwana apate nakala yake. Kalamu alipewa kijana mmoja jirani, karani wa chama cha ushirika.

Mama alitaja vitu kwa Kikamba, na kijana akaviandika kwa Kiswahili. Aliandika kama makarani wote waandikavyo orodha, yaani jina la kitu kwa umoja, kisha hesabu yake: jembe 3, sufuria 5, mbuzi 11. Walipofika kwa bata, mama alisema, "Hao wako mtoni, mwanangu. Waandike tu, hesabu utaipata jioni watakaporudi." Kijana akaandika "bata" mwisho kabisa wa mstari, akaacha nafasi ndogo ya hesabu, akasahau mkato. Kisha mama akataja myatũ, na kijana, kwa kuwa mwatũ kwa Kiswahili ni mzinga wa nyuki, akaanza mstari mpya kwa maneno haya: "mzinga 14".

Hapana haja ya kumweleza Mkamba uzito wa maneno hayo. Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani likawa tupu, likazibwa ncha zake, likatundikwa juu ya mbuyu au mgunga. Una alama ya mwenyewe, nayo hujulikana na majirani kama alama ya ng'ombe ijulikanavyo. Baba humrithisha mwana. Asali yake huuzwa, hutiwa dawani, tena kwa desturi ya zamani hutengenezewa pombe ya kupeleka ukweni, na harusi bila hiyo ilikuwa haisemwi. Mwaka ambao mahindi hukauka kabla ya kubeba, na miaka hiyo si michache katika nchi ya Makueni, mtu mwenye mizinga kumi na minne hahesabiwi kuwa maskini.

Kesho yake orodha ilipelekwa kwa mwalimu mmoja aliyestaafu, mtu wa heshima kubwa, ili aikague kabla ya kuandikwa nakala safi. Aliikagua barazani kwake, watu kama kumi wakiwa wameketi, na mkononi mwake alikuwa na kalamu ya wino mwekundu. Mahali kijana alipoandika "ngombe" alitia alama yake ikawa "ng'ombe", na hapo alifanya haki. Akafika mwisho wa mstari, akaona "bata", na mwanzo wa mstari wa pili akaona "mzinga 14".

Mwalimu alijua mambo mawili kwa hakika. Alijua ya kuwa kuna ndege mkubwa aitwaye batamzinga. Tena alijua ya kuwa neno likikatwa mwisho wa mstari hutiwa kistari. Basi akatia kistari chekundu baada ya "bata", akasema kwa sauti ya darasani, "Kijana, jambo hili nililifundisha darasa la nne. Siku hiyo ulikuwa wapi?" Watu wakacheka. Kijana naye akacheka, kama mtu achekavyo asipokuwa na la kufanya. Akasema, "Ahsante, Mwalimu," akachukua karatasi yake akaenda zake.

Usiku alipokuwa akiandika nakala safi, alifika mahali hapo akasimamisha kalamu. Alikumbuka mama alivyosema habari za mto. Alifikiri kurudi kwa mwalimu. Kisha akakumbuka kicheko cha barazani, akajiambia ya kuwa mwalimu ndiye ajuaye. Katika nakala ile mpya mistari ilikuwa mirefu zaidi, na neno liliangukia katikati, si mwisho. Hapakuwa na haja ya kistari tena. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "batamzinga 14".

Hapo ndipo penye hatari ya kistari cha mwisho wa mstari. Alama nyingine zote hubaki. Hiki hujifuta chenyewe neno linapohamia mahali pengine, wala hapana atakayesoma nakala safi akajua ya kuwa kilipata kuwapo.

Orodha ikapigwa mhuri, nakala zikaenda Mombasa na Nairobi. Juma lililofuata mwana mkubwa alipiga simu nyumbani. "Batamzinga kumi na wanne wa baba wako wapi?" Mdogo wake akaapa ya kuwa ndege hao hajapata kuwaona katika boma lile. Mkubwa akasema ya kuwa karatasi ina mhuri, na Krismasi imepita juzi tu, basi na aseme walioliwa ni wangapi na waliouzwa ni wangapi. Tena alikuwa na neno jingine lililomwuma zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda na baba yake utotoni kutundika mizinga: katika orodha nzima hapakuwa na mzinga hata mmoja. Nani aliyeifuta, na kwa faida ya nani? Hivyo kwa kistari kimoja yule kijana wa nyumbani alifanywa mwizi mara mbili, wa ndege ambao hawakuwapo, na wa mizinga ambayo ilikuwapo.

Mwisho wa kisa utafuata. Kwanza yafaa kuangalia kwa nini kosa la namna hii ni jepesi hivi, maana mwalimu yule hakuwa mjinga wala mzembe.

Kazi ya kistari ni kumwambia msomaji maneno gani yashikane. Waingereza wanakihitaji sana, kwa sababu sifa katika lugha yao haibadiliki kwa kufuata jina. Karani wa mifugo akitaka kuandika kwa Kiingereza habari za mitamba, huyapanga maneno yake kwa mfuatano huu: ishirini, moja, mwaka, umri, mitamba. Akifunga "ishirini" na "moja" peke yake, kisha "mwaka" na "umri", basi mitamba ni ishirini na mmoja, kila mmoja wa mwaka. Akiacha "ishirini" peke yake, akafunga "moja" na "mwaka" na "umri", mitamba ni ishirini. Akiyafunga yote manne, mitamba hawana hesabu tena, bali wana miaka ishirini na mmoja kila mmoja, na mkulima aliyepata kuona mtamba wa umri huo ajitokeze. Herufi ni zile zile. Vijiti vidogo ndivyo vilivyozidisha au kupunguza mfugo, na bei yake.

Kiswahili kina bahati hapa, nayo ni bahati ambayo wenyeji wake hawaitambui kwa kuwa wamezaliwa nayo. Mtu akisema "mwenye duka mdogo", kila mtu ajua ya kuwa aliye mdogo ni mwenyewe. Akisema "mwenye duka dogo", lililo dogo ni duka. Herufi moja mbele ya sifa imefanya kazi ambayo Mwingereza huitafutia kistari. Wale makarani wanaotia vistari katika sifa za Kiswahili kwa kuiga barua za Kiingereza wanafunga kamba mbuzi ambaye tayari yumo zizini.

Lakini bahati hiyo ina mwisho wake. Andika "mkulima wa pamba mpya". Ni nani aliye mpya, mkulima au pamba? Mtu mpya, pamba mpya. Ngeli ni mbili lakini sifa haikubadilika, na msomaji ameachwa njia panda. Hapo kistari hakisaidii kitu. Dawa ni kuhamisha neno: "mkulima mpya wa pamba". Anayesahihisha sentensi kama hiyo hawezi kuihamisha kwa haki mpaka amwulize mwandishi alikuwa na maana gani, kwa kuwa jibu halimo katika karatasi. Limo kichwani mwa mwandishi.

Shida kubwa ya Kiswahili ni maneno mawili yaliyooana. Tangazo likisema, "Kila mwenye kiti aje nacho", watu watabeba viti. Likisema, "Kila mwenyekiti aje", watakuja wakubwa wa vyama na kukuta hakuna pa kuketi. Askari kanzu si askari aliyenunua kanzu. Baba mdogo aweza kuwa mrefu kuliko baba. Maneno mawili yakikaa pamoja miaka mingi yakawa na maana moja, aghalabu huanza yakiwa mbalimbali, hupitia kistari, kisha huungana, kama "mwana nchi" alivyopitia "mwana-nchi" akawa "mwananchi". Kamusi za siku hizi huandika "batamzinga" kuwa neno moja, lakini wako wengi ambao bado huandika "bata mzinga", wala hawaeleweki vibaya maadamu hakuna mzinga wa nyuki karibu.

Wala mwendo huo si wa Kiswahili tu. Waingereza waliandika "to-day" kwa kistari kwa miaka mingi, na barua za zamani zimejaa kistari hicho, kisha wakakiacha. Mwaka 2007 wenye kamusi ya Oxford, ile fupi ya mabuku mawili, waliondoa vistari katika maneno yapata 16,000, mengine wakayaunganisha na mengine wakayatenganisha. Basi mtu aliyekuwa akiwagombeza wenzake kwa vistari hivyo mwaka 2006 alijikuta mwaka uliofuata hana kesi. Hilo peke yake lingetosha kumfanya msahihishaji apunguze sauti.

Kiswahili chenyewe kimepita katika mikono ya wasahihishaji wengi, na historia yake inayo mafunzo ya adabu. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam, na mwaka 1928 mkutano mwingine Mombasa, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Halmashauri ya Lugha ya Kiswahili, ya nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi yake kubwa ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule, kusahihisha tahajia na utengano wa maneno, na kutoa idhini. Na kamusi zake za mwaka 1939 zikawa kipimo cha makarani na walimu kwa muda mrefu. Ilihama mara nyingi, kutoka Dar es Salaam ikaenda Nairobi mwaka 1942, kisha Makerere mwaka 1952, na mwaka 1964 ikawa chuo cha uchunguzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kizazi chake ni taasisi iitwayo TATAKI tangu mwaka 2009.

Faida yake haikanushiki. Bila ya kazi hiyo mtoto wa Makindu na mtoto wa Tabora wasingalisoma kitabu kimoja. Lakini mwanzoni waliokaa mezani walikuwa Wazungu watupu, na miaka mingi ilipita kabla Waafrika hawajaketi pamoja nao. Maana yake ni kwamba msahihishaji alikuwa upande mmoja na mwenye lugha upande mwingine. Mtu wa Mvita aliyeandika "nti" akapokea karatasi yake ikisema "nchi" hakuwa amekosa lolote. Aliandika kama mama yake alivyosema. Kumwambia ya kuwa kitabu hiki kitasomwa na watu wa nchi nne, na kwa hiyo neno moja limechaguliwa kwa wote, ni neno la haki. Kumwambia ya kuwa amekosea ni uwongo, tena ni kumvunjia heshima. Tofauti ya maneno hayo mawili ni ndogo kwa kuandika, lakini wenyeji wa pwani waliihisi, na mpaka siku hizi wako Mombasa wasemao ya kuwa lugha yao ilisahihishwa bila ya wao kuulizwa. Baadaye mambo yalitengenea kidogo. Sheikh Shaaban Robert mwenyewe alikuwa mjumbe wa Halmashauri hiyo.

Wafasiri wa Biblia walikuwa na tatizo lile lile. Palikuwa na Biblia ya Kiunguja iliyotoka mwishoni mwa karne ya 19, na ya Kimvita iliyotoka mwaka 1914, na Wakristo wa upande mmoja waliona ya pili kuwa ngeni masikioni. Biblia ya muungano ilipotolewa mwaka 1952 ilikuwa ni kazi ya kuachiana: huyu ameacha neno lake hapa ili yule aache lake pale.

Sasa, mtu apewapo karatasi ya mwenzake aisahihishe, amepewa kitu gani? Hakupewa mali. Amepewa amana, kama ng'ombe wa kulishwa. Aweza kumwondoa kupe; hawezi kumbadilisha rangi. Kwa sababu hiyo wale waliozoea kazi hii hutumia kalamu ya risasi kabla ya wino, maana risasi hufutika. Neno wanaloliona kuwa kosa hulipiga mstari mmoja mwembamba ili bado lisomeke, wala hawalikwaruzi mpaka karatasi ikatoboka, kwa kuwa huenda ikaonekana kesho ya kuwa lile la kwanza ndilo lililokuwa sawa. Wanapokuwa na shaka huandika pambizoni alama ya kuuliza na si jibu. Katika hati zenye mhuri, kila badiliko hutiwa herufi za majina ya waliokubali, ili asiwepo mtu wa kusema baadaye ya kuwa kalamu ilitembea yenyewe.

Na zaidi ya yote hutofautisha kosa na mashaka. "Ngombe" ni kosa, sahihisha, usiulize. "Bata" na "mzinga" vikiwa vimetenganishwa na mwisho wa mstari ni mashaka, wala mashaka hayatatuliwi kwa kamusi. Mwalimu yule hakukosa kanuni hata moja. Kanuni ya kukata neno ni kweli, tahajia ya jina la ndege ni kweli, na orodha iliyotoka mkononi mwake ilikuwa safi kuliko ya kijana. Lakini ilikuwa ya uwongo, na ile yenye kosa ilikuwa karibu na kweli.

Kijana naye hawezi kuachwa bila lawama. Heshima kwa mzee ni wajibu, lakini kunyamaza si heshima wakati wote. Nyakati nyingine ni uchungu uliovaa nguo ya heshima. Aliyetia mkono wake katika nakala safi ndiye aliyesema mwisho, na aliandika jambo ambalo alilijua kuwa si kweli. Huenda akasema ya kuwa alichekwa mbele ya watu. Ni kweli alichekwa, na hilo ndilo kosa baya zaidi la mwalimu, baya kuliko kistari chenyewe, kwa sababu ndilo lililoziba njia ya kurudi. Lau angalimwita kando akamwonyesha, kijana angalisema pale pale, "La, Mwalimu, huo ni mzinga wa nyuki," na jambo lingalikwisha kabla ya chai kupoa.

Basi mambo yalifumbuliwa na mtu ambaye hakujua kusoma. Baada ya ile simu, kitinda mimba alikwenda kwa mama yake na karatasi mkononi, na mama akasema, "Nisomee yote, usiruke." Akasoma jembe, akasoma sufuria, akasoma mbuzi. Aliposema "batamzinga kumi na wanne" mama akamsimamisha. "Ndege gani hao?" Akaeleza jinsi walivyo, shingo nyekundu na mkia kama kipepeo cha moto. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaacha kucheka, akauliza myatũ ya baba yao iko wapi katika karatasi hiyo.

Wako makarani wanaoona haya kumsomea mtu asiyejua kusoma, wakidhani ya kuwa hana la kusahihisha. Lakini yeye peke yake ndiye aliyekuwa akijua mali ilivyo.

Kijana karani alikuwa amehifadhi nakala yake ya kwanza katika faili, na kwa hilo asifiwe. Jioni ile aliichukua akaenda kwa mwalimu, akamkuta peke yake. Hakusema ya kuwa mwalimu amekosa. Alisema, "Mwalimu, shikamoo. Nimekuja unisaidie. Mama alitaja bata, kisha akataja mizinga. Hapa ningaliandikaje?"

Mwalimu akavaa miwani yake, akaitazama karatasi kwa muda mrefu.

"Palitakiwa mkato," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nami nikakupa kistari."

Kijana akanyamaza.

"Mbona hukuniambia?" Kisha, kabla kijana hajajibu, mwalimu akavua miwani. "La, usijibu. Nilikuuliza ulikuwa wapi, mbele ya watu. Kesho njoo asubuhi na mapema, tutakwenda pamoja."

Asubuhi walikwenda, na mwalimu akawaeleza ukoo kwa kinywa chake mwenyewe jinsi ilivyokuwa, na mahali aliposema "kosa langu" hakupunguza sauti. Orodha mpya iliandikwa na kijana, ikasomwa kwa sauti mbele ya mama toka mwanzo hata mwisho, akatia alama ya kidole gumba. Pambizoni, karibu na mstari wa mizinga, palitiwa herufi za majina ya mwalimu na ya kijana, bega kwa bega. Mwalimu akaandika barua mbili, moja ya Mombasa na moja ya Nairobi, kueleza habari za kistari. Yule mwana wa Mombasa alipoipata alipiga simu nyumbani, akazungumza na mdogo wake habari za mvua kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akauliza kama mzinga ule wa mbuyu wa juu bado una nyuki, akaambiwa bado.

Hesabu ya bata ilikuwa bado haijajazwa. Walingojewa mpaka jioni warudi kutoka mtoni. Walikuwa sita.